Ndoto ya Ibn Battuta na Shauku ya Safari

Mapokeo ya Kiislamu huzigawa ndoto katika mafungu matatu, nayo ni ruuya, yaani njozi njema itokayo kwa Mungu; ndoto ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani; na mazungumzo ya nafsi, yaani yale yanayomshughulisha mtu akiwa macho kisha yakamrudia usingizini. Msafiri Ibn Battuta, aliyetoka Tangier mwaka 1325 akikusudia kuhiji, anasimulia kwamba mwaka uliofuata, akiwa amelala juu ya paa la zawia, yaani makazi ya masufi, ya Sheikh al-Murshidi nchini Misri, aliota amebebwa na ndege mkubwa aliyeruka naye kuelekea kibla, kisha Yemen, kisha mashariki na kusini, hata akamshusha katika nchi ya mbali yenye kijani kizito. Naye sheikh akaifasiri kuwa ni safari ya kufika hadi India. Hata hivyo, huko Alexandria mcha Mungu mwingine alikuwa amekwisha kumtajia India na China, na msafiri mwenyewe anakiri kwamba maneno yale yalimwingia moyoni, kwa hiyo fungu la tatu haliwezi kupuuzwa. Tena kitabu chake cha safari kilikamilika mwaka 1355, miaka mingi baada ya kuiona Mombasa na Kilwa mwaka 1331, hivyo huenda kumbukumbu ya ndoto ilichanganyika na yale aliyoyaona baadaye. Lakini shauku kuitangulia ndoto hakuthibitishi kwamba ndoto haikutoka kwa Mungu, kwa kuwa anayeamini kwamba Mungu ndiye aliyeumba usingizi hana sababu ya kudhani kwamba hamu ya nafsi iliumbwa na mwingine.