JE, UKO UMRI WA MTU KUMILIKI NYUMBA?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Usiku mmoja baada ya darsa alinijia kijana katika wanafunzi wangu wa zamani, umri wake miaka 33. Akakaa kitako mpaka watu wote walipoondoka, kisha akasema: "Maalim, nimeposa. Walii wa mwanamke ameniuliza nyumba yangu i wapi, nikamwambia nakaa kwa baba. Akacheka, akasema mwanamume wa umri huu asiye na nyumba yake ni mtoto. Sasa wako watu tayari kunikopesha fedha kwa riba ninunue. Je, katika sharia uko umri ambao mtu akiufikia pasi na kumiliki nyumba huwa ni aibu kwake?"

Nimeona suali hili nilijibu kwa kalamu, kwani wenye kuliuliza ni wengi, na wenye kuona haya kuliuliza ni wengi zaidi.

Jueni, ndugu zangu, ya kwamba sharia imeweka umri katika mambo, lakini katika mali haikutosheka na umri. Kwetu sisi Mashafii, mtoto huwa baleghe atimizapo miaka 15 ya mwezi, ikiwa hakuona alama zake kabla ya hapo. Walakini ukitazama Sura An-Nisaa, aya ya 6, utaona kuwa yatima hakabidhiwi mali yake kwa kubaleghe peke yake, ila kwa kuonekana kwake rushdi. Na rushdi kwa Imamu Shafii ni kutengenea kwa dini na kutengenea kwa mali pamoja. Imamu Abu Hanifa alisema akifika miaka 25 apewe mali yake japo rushdi haikuonekana. Ama kwetu, aliyebaleghe pasi na rushdi hubaki katika kizuizi hata ndevu zikiingia mvi. Bassi miaka si hoja. Hoja ni rushdi.

Ama huyo walii, twamwambia kwa adabu: wanachuoni wetu wamesema, katika kauli iliyo sahihi zaidi, ya kwamba utajiri hauhesabiwi katika kafaa. Na haki ya mke ni makazi yanayomlingana; wala haikushurutizwa makazi hayo yawe milki ya mume. Akipanga yatosha, na akiazimwa yatosha. Ikiwa sharia haikumfungia kijana mlango, wewe umepata wapi komeo?

Tena tutazame mwendo wa Mtume wetu (s.a.w.). Alipohamia Madina mwaka 622, umri wake mtukufu ulikuwa miaka 53, naye akakaa mgeni katika nyumba ya Abu Ayyub al-Ansari kiasi cha miezi saba, mpaka msikiti na vyumba vya wakeze vilipojengwa. Kiwanja kile kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhail. Kilitolewa kwake bure, akakataa, akakinunua kwa thamani. Tazameni: hakuona haya kukaa kwa mtu akiwa na umri ule, alichoepuka ni kuingia katika mali ya yatima pasi na kuilipia. Na Imamu Nawawi, ambaye Minhaji yake twaisomesha kila siku, aliishi Damascus katika chumba cha madrasa, hakuoa, na mwaka 1277 alifariki kijijini kwao Nawa, katika nyumba ya baba yake. Ni nani atakayethubutu kumwita mtoto?

Na mimi mwenye kuandika haya nina ungamo. Baba yetu alifariki nami nina miaka 27, na mama alikwisha mtangulia mbele ya haki. Akaacha nyumba moja, na warithi ni mimi na dada zangu wawili. Wao walikwisha olewa, nami nikabaki ndani na mke wangu. Watu wakaniita mwenye nyumba, nikaitika. Ilhali nilikuwa nikisomesha faraidh, nikiandika ubaoni kwa mkono wangu ya kwamba mwana mume ana mafungu mawili na mwana mke fungu moja. Yaani nyumba ile ni mafungu manne, mawili yangu na mawili yao. Mwaka baada ya mwaka nikalala katika nusu isiyokuwa yangu, wala sikuwapa kodi wala sikuwaomba radhi.

Siku moja dada yangu mkubwa alikuja, akasimama mlangoni akapiga hodi, akangoja nimkaribishe. Hodi ile ilinichoma. Nikajiuliza: mtu hupigaje hodi penye fungu lake? Nikawaita watu wawili waadilifu wakaithamini nyumba, nikawaomba dada zangu radhi kwa miaka iliyopita, nikanunua mafungu yao kidogo kidogo kwa muda wa miaka minane. Nilipomaliza nilikuwa na miaka 46. Bassi umri wangu wa kumiliki nyumba ni 46, si 27.

Kadhalika mwenye kuingia katika riba hujiita mwenye nyumba mapema. Tutoe mfano: akikopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya 12 katika mia kwa mwaka, alipe kila mwezi kwa miaka 20, atatoa zaidi ya shilingi 2,600,000, na juu ya khasara hiyo ana dhambi. Ama kununua kwa muda, bei ikawa moja na muda ukajulikana, hiyo ni biashara ya halali.

Walakini mvivu asiyafanye maneno haya mto wa kulalia. Mwenye kumaliza chumo lake katika ngoma za harusi na fakhari, kisha akasema riziki haijafika, huyo amekosa rushdi sawa na mla riba.

Kijana yule nalimwambia arudi kwa walii, amweleze kuwa atapanga vyumba viwili na kodi yake anaiweza. Jawabu lake sijalisikia hata leo. Lakini wewe msomaji ukirudi kwako usiku huu, kabla ya kuhesabu miaka yako, hesabu mafungu ya hiyo nyumba unayolala.

Wallahu aalam.