Maji ya Kisima cha Betelehemu



Tarehe 11 Novemba inakaribia. Sikukuu hii tuliletewa na Wabelgiji: siku hiyo, mwaka 1918, vita kuu ilikoma kule Ulaya. (Huku Afrika habari ya amani ilichelewa; Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck waliweka silaha chini tarehe 25 tu.) Tangu hapo wazee waliobeba bunduki hukumbukwa kwa tarumbeta na maua. Wengi wenu mmetuuliza: sisi wana wa Nabii, tuna neno gani na siku hiyo? Si askari ndio waliomfunga Baba Simon Kimbangu?

Ulizo hili ni la haki, hatutalikimbia.

Jeshi la Force Publique liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Waliotembea mpaka kule ni wana wa inchi hii, na pamoja nao wapagazi zaidi ya 200,000, wenye kubeba risasi na chakula kichwani. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, bila kupiga hata risasi moja. Miaka mitano baadaye, jeshi lile lile likatumwa Nkamba. Tarehe 3 Oktoba 1921, huko Thysville, korti ya kijeshi ilimhukumu Baba Simon afe, naye hakuwa na silaha isipokuwa neno la Mungu. Mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha.

Kisha, mwaka 1941, wana wetu waliwashinda Waitalia kule Saio, Etiopia. Wengine walifika mpaka Burma. Vita ikaisha 1945. Baba Simon alikuwa angali gerezani Elisabethville, akakaa humo miaka sita tena, hata akafa tarehe 12 Oktoba 1951. Tunayasema haya bila kuficha na bila chuki.

Basi tusome 2 Samweli 23, mistari 15 mpaka 17. Daudi alikuwa pangoni, akatamani maji ya kisima kilicho mlangoni pa Betelehemu. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti, wakamletea. Naye hakuyanywa! Aliyamwaga mbele ya Bwana, maana ndani ya maji yale aliona damu ya watu. Hakuwakaripia wale watatu, wala hakusifu upanga wao. Aliona bei. Wakubwa wengi wa dunia hii wamekunywa maji hayo, wakapanguza midomo, wakamsahau aliyeyaleta. Mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika medali huko Kinshasa koplo Albert Kunyuku, aliyepigana Burma, naye alikuwa mzee wa miaka mia. Tulifurahi naye. Lakini wenzake walikuwa wamekwisha kuzikwa, na wapagazi hawakupata hata kifungo cha koti.

Katika Luka 3:14 askari walimwendea Yoane Mbatizaji, wakamuuliza wafanye nini. Hakuwafukuza mtoni. Aliwaagiza wasinyanganye mtu, na mshahara wao uwatoshe. (Na yule mkubwa anayekula mshahara wa askari? Atajibiwa siku yake.) Petro naye aliingia nyumbani mwa Kornelio, akida wa Waroma.

Na sisi je? Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025, na Bukavu Februari, parokia zetu zimepokea vijana waliotoka vitani na porini. Tunawasalimia kwa mbali. Kijana anakaa peke yake kwenye benchi, na mama anavuta mtoto wake asimkaribie. Kanisa halibariki kuua, na mwenye damu mikononi anahitaji toba. Lakini atatubu wapi, kama benchi letu linamkimbia?

Kwa hiyo, siku ya Mungu itakayofuata tarehe 11, kila jamaa ilete jina la mtu wake, askari ao mpagazi, aliye hai ao aliyekufa. Kama jina la kweli limesahauliwa, leteni lile la utani. Wajane na wale vijana watakaa mbele, pamoja na wazee wa kanisa. Fanfari itanyamaza mpaka jina la mwisho lisomwe.