Aliyepewa Firigisi

Nyumbani kwetu firigisi haikuwa na mjadala. Ilikuwa ya baba. Baba alipofariki ikawa yangu, mimi kifungua mimba, na kila Krismasi na Pasaka niliila taratibu kama mtu aliyetawazwa. Ndiyo maana siisahau siku mama alipoichota kwenye sufuria, akaipitisha juu ya sahani yangu, akaiweka kwenye sahani ya mwizi.

Simsingizii, alikuwa mwizi kweli. Alikuwa kijana wetu wa duka, akilala chumba cha nyuma na kula nasi kwa miaka mitatu. Mama alimwachia hata funguo. Asubuhi moja tulikuta droo ya mauzo tupu na mlango umerudishiwa vizuri, kama mtu aliyetoka kuchota maji. Mwaka ule nilikosa muhula mzima wa shule kwa sababu ya ada. Wengine walimsahau, mimi sikumsahau.

Miaka kumi na moja baadaye, Jumamosi alasiri, alisimama uani amevaa shati lililopigwa pasi, mkononi ana bahasha ya kaki. “Shikamoo, mama.” Mama akaitika, “Marahaba,” akanyamaza. Kwetu Kagera mtu wa namna hiyo hujulikana kabla hajaeleza shida yake: amekutana na watu wa uamsho. Uamsho ule uliovuma Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na kwetu, uliwafundisha watu kwamba kuungama hakuishii kwenye machozi. Uliyeiba jembe, beba jembe ulirudishe kwa mwenyewe, na useme mbele ya watu kwamba uliliiba. Nao wanaokusikiliza watakuimbia wimbo wa Tukutendereza, wengine wakikukumbatia kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaifungua bahasha, akalowesha kidole, akahesabu noti moja moja. Shilingi elfu arobaini, kamili. Akazifunga kwenye pindo la kanga. Nikamvuta pembeni nikamnong'oneza kwamba hela hizi si zile; wakati ule zingejaza rafu nzima ya duka, leo hazijazi hata nusu. Mama akaniangalia kwa muda. “Hela zitaliwa, zitaisha,” akasema. “Nenda kamkamate yule jogoo mwekundu.”

Nilimnyonyoa jogoo yule kwa hasira, maji ya moto yakiniunguza vidole, na kutoka ndani nikisikia vicheko.

Tangu hapo, kila Kwaresima nikifika kwenye sura ya 15 ya Injili ya Luka, husoma kwanza kitu ambacho zamani nilikiruka: malalamiko yaliyoizaa. Mafarisayo na waandishi wananung'unika kwa sababu Yesu anakula na wenye dhambi. Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye chakula. Hadithi tatu zinazofuata, ya kondoo mmoja kati ya mia, ya sarafu moja kati ya kumi na ya mwana mmoja kati ya wawili, waliosimuliwa ni watu walionuna.

Na ni hadithi za ajabu kidogo kwa somo la toba. Kondoo hatubu, anabebwa mabegani. Sarafu haina habari kwamba imepotea. Anayehangaika ni mwenye mali: huyu anapanda na kushuka nyikani, yule anawasha taa na kufagia nyumba mpaka mvunguni. Wakishapata, wote wawili wanaita majirani. Sarafu ile, drakma, ilikuwa kama ujira wa kibarua kwa siku moja. Mtu wa hesabu angeuliza: umepata ujira wa siku moja, unawakusanyia watu sherehe ya nini? Nalijua swali hilo. Ndilo nililomnong'oneza mama kuhusu rafu.

Sisi tumelizoea neno toba likiwa limeinamisha kichwa. Tukilisikia tunaona majivu, kwikwi na sauti ya mhubiri inayopanda. Lakini neno lenyewe tulilipata kwa Kiarabu, na katika mzizi wake mna maana ya kurudi. Kiyunani cha Injili husema metanoia, kugeuka kwa nia. Anayerudi huwa ana mahali anaporudi, na huko kuna anayemngoja. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwalipa mara nne aliowadhulumu. Lakini Luka anasema kwamba aliposhuka mtini alimkaribisha Yesu kwa furaha, na ahadi ya malipo ikaja baadaye. Furaha ilitangulia, kisha ikamfungua mfuko.

Mwana mpotevu naye alikuwa ametunga hotuba njiani, akipanga kuimalizia kwa kuomba awe kibarua wa nyumba. Baba yake, mzee mzima, alimkimbilia. Hotuba ikaanza, lakini haikufika kwenye neno la kibarua. Mzee alikuwa amekwisha kuwageukia watumishi, akaagiza joho, pete, viatu na ndama aliyenona.

Kisha kuna kaka mkubwa, ambaye wahubiri humwacha dakika za mwisho. Amerudi shambani amechoka, anasikia ngoma, anagoma kuingia. Hakuiba kitu wala hakutoroka. Alichopoteza ni ndugu: katika maneno yake yote kwa baba hamwiti mwenzake ndugu hata mara moja, humtaja tu kama mtoto wa mzee. Na baba aliyemkimbilia mdogo barabarani anatoka nje mara ya pili, kumbembeleza mkubwa. Nyumba moja, watoto wawili wa kutafutwa. Luka haandiki kama yule kaka aliingia.

Sisi ambao hatukutoroka tuna toba yetu, nayo ni ngumu kwa sababu haina bahasha ya kurudisha. Tunatakiwa kuketi meza moja na aliyerudi, na kufurahi. Mbingu zikimshangilia mmoja, anayebaki amenuna hukuta amekaa nje peke yake.

Siku ile niliingia kwa kuwa nilikuwa na njaa. Tulikaa kuizunguka sinia ya ndizi. Yule mtu aliitazama firigisi kwenye sahani yake. Alijua ni ya nani. Miaka mitatu alikuwa akimwona baba akiila. Akaisogeza pembeni kwa kidole, akaacha kula. Mimi nami nilikuwa sijagusa changu. Mama akatutazama.

“Kula,” akasema.

Mpaka leo sijui alikuwa akimwambia nani.