Sitara ya Sare

Askari polisi aliyependwa kuliko wote katika televisheni ya Uingereza ya miaka ya 1950 alikuwa marehemu aliyefufuliwa. George Dixon aliuawa kwa risasi katika filamu ya The Blue Lamp ya mwaka 1950. Miaka mitano baadaye BBC ikamrudisha mzima wa afya katika mchezo wa Dixon of Dock Green, akawa anawasalimu watazamaji na kuwausia kama mjomba. Ulikuwa uongo mtamu, na waliouangalia hawakuulalamikia.

Tarehe 2 Januari 1962, BBC hiyohiyo ilianza kuonyesha Z Cars. Mbunifu wake, Troy Kennedy Martin, alikuwa amelazwa kitandani na matubwitubwi, akisikiliza mawasiliano ya redio ya polisi. Aliyoyasikia hayakufanana na wasia wa Dixon. Mji wa kubuni wa Newtown ulifuata mfano wa Kirkby, nje ya Liverpool, makazi mapya yaliyojengwa kuwapokea watu waliohamishwa kutoka mitaa ya zamani ya jiji. Polisi wa Lancashire waliwafungulia watunzi milango. Mchezo ulirushwa moja kwa moja kutoka studio: waigizaji wamekaa ndani ya gari lisilokwenda, na picha za barabara zinapita nyuma yao. Ajabu ya sanaa ni kwamba gari hilo lililosimama liliaminiwa kuliko magari mengi yaendayo.

Katika kipindi cha kwanza kabisa askari Bob Steele anaonekana nyumbani kwake. Mkewe ana jicho lililovimba kwa kipigo, na ukutani pana doa la chakula alichomrushia mumewe. Kanali Eric St Johnston, mkuu wa polisi wa Lancashire, alisafiri mpaka London kutaka mchezo uondolewe. Haukuondolewa. Kilichoondolewa ni maneno ya kuwashukuru polisi wake.

Kumcheka kanali huyo ni rahisi, lakini si haki. Mwenyeji aliyemkaribisha mgeni ndani, kisha akaona ya ndani yanatangazwa barazani, ana neno la kusema. Watu wa pwani wanalijua neno hilo vizuri: ni sitara. Aliyeona aibu ya mwenzake akaifunika hutajwa kwa wema, na aliyeifichua husutwa hata kama alisema kweli.

Basi, je, watunzi wa Z Cars walivunja sitara? Jibu linategemea nani aliyestahili kusitiriwa. Steele ni mtu wa kubuni. Hapana askari wa Lancashire aliyetajwa jina, wala nyumba iliyoonyeshwa mlango. Kanali hakumtetea mtu; alitetea sare. Na sare haina uso wa kuona haya. Zaidi ya hayo, katika chumba kile alikuwamo mtu wa pili. Sitara ikimfunika mume peke yake, mke hubaki na jicho lake, na kila mke wa namna yake huambiwa kimyakimya kwamba jicho hilo halipo. Kufunika kwa aina hii hakuwezi kuitwa wema, hata kama kunavaa nguo zake.

Deni kwa mwenyeji, hata hivyo, halikufutika. Watunzi walipewa imani, na waliyoirudisha iliuma. Pengine mtunzi hana budi kubeba deni la namna hii bila kulilipa, mradi asijidai kwamba halipo. Kuzifuta shukrani zile, vyovyote lilivyokubaliwa jambo hilo, kulikuwa dhuluma ndogo: polisi walikuwa wamesaidia kweli, na kweli ndiyo iliyokuwa fahari ya mchezo wenyewe.

Kwa Kennedy Martin, mvutano mkubwa zaidi haukutoka Lancashire. Alitaka polisi wake waweze pia kushindwa, na mkosaji wakati mwingine atoweke na usiku wake. Wakubwa wa BBC walipendelea sheria ishinde kila mwisho wa kipindi. Jicho la mke waliweza kulivumilia. Kesi isiyofungwa hawakuiweza. Mtunzi akaondoka baada ya miezi michache, na Z Cars ikaendelea bila yeye. Mwaka 1978, mchezo ulipofikia ukomo, aliitwa kuandika kipindi cha mwisho. Akaenda, akakiandika.