Je, Tumfundishe Mtoto Mdogo Kurudisha Pigo?

Swali hili huulizwa karibu katika kila ua wa nyanda zetu za juu, toka Tukuyu penye migomba hata Kalenga penye mahindi, wala halijibiwi kwa namna moja. Mtoto wa miaka miwili acheza nje na wenzake. Mmoja amnyang'anya gari lake la mabua, amsukuma, amwuma mkono. Mtoto akimbilia kwa mama akilia. Hapo wazazi hugawanyika. Mmoja asema, "Nenda ukamrudishie! Wewe huna mikono?" Wa pili asema, "Nyamaza, mwanangu, vumilia. Mtoto mwema hagombani." Kila mmoja adhani ampa mtoto hekima. Yafaa tuyapime maneno haya mawili polepole, kwa kuwa jambo lenyewe laonekana dogo kama mtoto mwenyewe, lakini ndani yake mna swali kubwa: mnyonge akionewa, mwenye nguvu aliye karibu naye ana wajibu gani?

Kwanza na tumjue huyo apigaye. Watu wengi husema, "Mtoto yule ni mkali, ana roho mbaya, amerithi kwa baba yake." Lakini wataalamu waliowafuata watoto tangu uchanga wao, kama Richard Tremblay wa Chuo Kikuu cha Montreal huko Kanada, waliona jambo la kushangaza. Mwanadamu hupiga, husukuma na kuuma mara nyingi zaidi katika umri wa miaka miwili hata minne kuliko katika umri wake mwingine wote. Kisha wengi huacha kidogo kidogo kadiri wanavyojifunza. Maana yake ni hii: mtoto hafundishwi kupiga, bali hufundishwa kuacha. Mkono wake umetangulia, ulimi umebaki nyuma. Ataka gari la mabua, wala hajui kusema, "Naomba nami". Basi mkono husema badala ya ulimi. Kumwita mtoto huyo adui, au mwovu, ni kumvika nguo ya mtu mzima isiyomwenea.

Tukilifahamu hilo, twaweza kulipima shauri la kwanza, la kurudisha. Baba mmoja wa Iringa huenda akasema, "Sisi ni watu wa Mkwawa, mtoto wetu hapigwi akanyamaza." Ni kweli kwamba Wahehe walimshinda Zelewski na askari wake huko Lugalo mwaka 1891, na ushujaa huo una haki ya kusimuliwa. Lakini boma la Kalenga liliposhambuliwa na Wajerumani mwezi wa Oktoba 1894, hakuna asimuliaye kwamba watoto wa miaka miwili walipangwa ukutani. Ushujaa wa mtu mzima ni kusimama mbele ya mdogo; kumsukuma mdogo mbele, ndipo yeye akae nyuma akitazama, ni kitu kingine kabisa. Tena tazama matunda yake. Mtoto aambiwaye "Rudisha!" hajui kupima. Hajui kofi na jiwe vinatofautianaje. Hajui kama amerudisha kwa mwenye kosa au kwa mwingine aliyesimama karibu. Ajua neno moja tu: baba hufurahi ninapopiga. Basi kesho atampiga aliye mdogo kuliko yeye, naye atatazama uso wa baba kama anacheka.

Shauri la pili, la kuvumilia, laonekana jema zaidi, na kwetu Wakristo lina sauti ya Injili, kwa kuwa sote twalijua neno la kugeuza shavu la pili. Lakini yatupasa kuangalia neno hilo waliambiwa nani. Waliambiwa watu wazima, wawezao kulipiza nao wachague kutolipiza. Mwenye kugeuza shavu ana uwezo mkononi mwake, naye auzuia kwa hiari. Mtoto wa miaka miwili hana uwezo wala hiari hiyo. Yeye hageuzi shavu, yeye anapigwa tu. Tukimwambia "Vumilia" nasi tumeketi tunachambua mboga, hatumfundishi uvumilivu. Twamfundisha kwamba kilio chake hakina mtu. Uvumilivu wa namna hiyo hauzai upole. Mara huzaa woga, mara huzaa uchungu unaongoja nguvu zikue. Samehe ni neno jema sana, lakini husemwa vizuri na mtu aliyekwisha kulindwa.

Hapo huenda msomaji akauliza, "Je, wazee wetu hawakuwaacha watoto wafundishane wenyewe?" Swali ni la haki, kwa kuwa katika nchi hizi kuna habari mashuhuri ya jambo hilo. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na vijiji vya rika. Monica Wilson, aliyekaa kwao katika miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika habari zake katika kitabu kilichotolewa mwaka 1951. Wavulana walichunga ng'ombe za baba zao pamoja, na walipofika umri wa miaka kumi hivi walianza kujenga vibanda vyao mbali na nyumba za wazazi, hata baadaye vikawa kijiji cha watu wa rika moja. Waliamini kwamba mtu hujifunza adabu na utu kwa kukaa na kula na kuzungumza na wenzake. Kukaa huko kwema walikuita ukwangala. Lakini angalia umri. Hawa waliothamini sana shule ya wenzao hawakuwapeleka watoto wa miaka miwili. Mtoto huyo alikuwa bado mgongoni mwa mama au dada, au karibu na meko. Basi asemaye, "Waache wafundishane, ndiyo desturi yetu," achukua desturi ya mtoto wa miaka kumi na kumtwika mtoto wa miaka miwili.

Kama si kurudisha wala si kunyamaza, imebaki nini? Imebaki njia ya tatu: mtu mzima awe karibu, amzuie apigaye, ampe apigwaye neno la kusema. Mambo matatu haya ni mepesi kuyataja, nayo yataka jasho kuyatenda.

Pigo litokeapo, nenda mwenyewe. Usipige kelele toka jikoni. Inama uwe sawa na kimo cha watoto. Ushike mkono wa apigaye kwa upole ulio imara, useme kwa maneno machache, "Hapana. Hatupigi. Anaumia." Usimpige. Mtu mzima ampigaye mtoto huku akisema "Usipige" amesema maneno mawili yanayopingana, na mtoto huamini lile la mkono. Kisha umshike aliyepigwa, umtulize kwanza, ndipo umfundishe: ainue kiganja mbele yake aseme, "Sitaki!" au, "Changu hiki!" Na kama hawezi kuyasema yote, aseme neno moja, kisha akujie. Kuja kwa mkubwa si kuchongea. Mtoto wa umri huo hana baraza jingine.

Labda mtasema mtoto mdogo hivyo hawezi kujifunza maneno ya namna hiyo. Lakini mbona twamfundisha kusalimu? Huku Iringa na Njombe mtoto hufundishwa kusema "Kamwene" ulimi wake ukiwa bado mzito, na hufundishwa kupokea kitu kwa mikono miwili kabla hajajua heshima ni nini. Mama humkumbusha leo na kesho na kesho kutwa, mara mia, wala hakasiriki. Saburi ile ile itumiwe kwa neno "Sitaki" na kwa neno "Naomba". Kama tunaona kusalimu kwastahili kurudiwa mara mia, basi kujikinga pasipo kumwumiza mwenzake kwastahili pia.

Tena yafaa kutazama chanzo kabla ya pigo. Watoto wanne na gari moja la mabua ni vita iliyokwisha kutangazwa. Tengeneza magari mawili, vita imepungua nusu. Mtoto mwenye njaa, au aliyekosa usingizi wa mchana, hupiga upesi. Wako pia wapigao kwa kuwa nyumbani mwao wameona mtu mzima akipiga. Mtoto wa namna hiyo ahitaji kulindwa kama yule ampigaye. Lakini ikiwa mpigaji ni mkubwa kwa miaka mingi, au apiga kila siku pasipo kukoma, usingoje maneno yafanye kazi; watenganishe, ukae nao mwenyewe wanapokutana tena. Na mtoto wako akiogopa kurudi uani, usimsukume wala usimcheke. Nenda uketi naye kati ya wenzake. Kesho uketi mbali kidogo. Kesho kutwa mbali zaidi.

Sasa neno juu ya mama wa yule mwingine, maana hapa ndipo ugomvi wa watoto unapogeuka kuwa ugomvi wa nyumba mbili. Watoto husahau kabla jua halijachwa, na jioni wanagawana hindi moja la kuchoma. Wazazi huendelea mwezi mzima pasipo kuazimana chumvi. Ukitaka kusema naye, nenda usiku watoto wamelala. Msalimu kwanza. Usiseme, "Mwanao ni mbaya." Sema, "Mama, watoto wetu wanagombania vitu vya kuchezea; tufanyeje sisi wawili?" Neno hilo "sisi wawili" lina nguvu kuliko hoja kumi.

Kuna hofu moja iliyobaki, nayo ni ya wababa hasa: "Ukimlinda hivyo atakuwa mwoga." Wakulima wa kahawa wa Rungwe na Mbozi wanajua jibu. Mche wa kahawa haupandwi shambani siku ile uliyochipua. Hukaa kitaluni chini ya kivuli, hunyweshwa maji, kisha kivuli hupunguzwa kidogo kidogo, hata mche uzoee jua kali. Hakuna mkulima asemaye kwamba kivuli kimeufanya mche kuwa mvivu. Yule aliyeuacha juani tangu mwanzo hana kahawa ngumu. Ana kitalu kikavu. Hata hivyo kivuli kisichoondolewa kamwe nacho hudhuru, na hapo wababa wana neno la kweli. Kulinda ni kazi ya kupungua; mlezi mwema hujiondoa hatua kwa hatua.

Mwisho, tuwakumbuke wale tunaowaachia watoto. Mama aendapo shambani, mara nyingi mlezi ni binti wa miaka minane, naye mwenyewe angali mtoto. Kumwachia wadogo watano na kumtaka awe hakimu wao ni kumtwika mzigo wa mtu mzima. Tena wakirudi na michubuko, yeye ndiye apigwaye. Katika miji ya Mbeya na Iringa wazazi wengine huwapeleka watoto katika vituo vya kulelea watoto mchana. Yafaa mzazi aulize huko: watoto ni wangapi kwa mlezi mmoja? Na mmoja akimwuma mwenzake, mlezi hufanya nini? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yatuagiza sote kumlinda mtoto asidhuriwe. Lakini sheria haiwezi kukimbia uani mtoto anapolia. Anayeweza kukimbia ni mtu.

Basi tusimpe mtoto wa miaka miwili fimbo, wala tusimpe hotuba ya uvumilivu. Tumpe kwanza mtu wa kumjia. Mtoto aliyeona kwamba mwenye nguvu alisimama kwa ajili yake pasipo kumdhuru mwenzake, huyo ameona haki na upole katika tendo moja. Na siku atakapokuwa mkubwa, akamwona mdogo analia uani, atajua la kufanya, kwa sababu aliwahi kufanyiwa.