Je, Miti Sita ni Sita?

Huku kwetu Kilwa swali hili latujia kwa ajili ya mti mmoja wa mwitu. Wenye elimu ya mimea wauita Karomia gigas. Ni jamaa ya mrihani na ya msaji, ingawa wenyewe ni mti mrefu wa msituni. Mwaka 1977 ulitambuliwa pwani ya Kenya, mti mmoja tu, nao baada ya miaka michache ukakatwa. Watu wakadhani umekwisha duniani, hata mwaka 1993 ukaonekana katika msitu mdogo wa wilaya yetu. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena: miti sita.

Basi, ndugu wasomaji, je, miti sita ni sita? Mwenye kuhesabu atasema ndiyo. Lakini ikiwa yote ni watoto wa mama mmoja, ugonjwa uwezao kuua mmoja waweza kuua yote. Na ikizaana yenyewe kwa yenyewe, uzao wake hudhoofika. Sisi wanadamu twakataza ndugu wa tumbo moja kuoana, wala hatukungoja wataalamu watufundishe.

Kwa macho haijulikani. Wataalamu huchuma jani, hulikausha, kisha hutoa ndani yake DNA, yaani urithi ulioandikwa katika kila chembe ya uhai. Humo mna vipande vifupi vinavyorudiwarudiwa, katika mti huu mara nane, katika ule mara kumi na mbili. Hesabu hiyo ndiyo alama ya kumtambua mzazi na mwana. Alama za namna hii hufunua mambo ya ajabu. Aldrovanda, mmea wa majini unasao wadudu na kuwala, huonekana Afrika, Ulaya, Asia na Australia. Lakini urithi wake ulipopimwa, tofauti zilikuwa chache mno. Nchi ni nyingi, ukoo ni kama mmoja.

Mbegu za mti wetu zimepelekwa hata bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, na miche imeota. Twafurahi. Lakini mtu aweza kusema, "Basi, umeokoka, msitu wa nini tena?" Neno hili hatulikubali. Miche ile yatoka kwa mama wachache. Mti wa hapa ukikatwa kabla haujapimwa, huenda ni ukoo mzima uliokatwa, wala hakuna bustani itakayourudisha.

Tena mtu wa kijijini akiambiwa aache kulima kwa ajili ya mti usiompa chakula, ana haki ya kuuliza watoto wake watakula nini. Kumwita mjinga ni kosa kubwa kuliko shoka lake. Yatupasa alipwe kwa kuulinda, kama alipwavyo mlinzi wa ghala, na majibu ya vipimo aelezwe kwa lugha yake, maana jani lilichumwa kwake.