Kanzu Ndogo ya Kila Mwaka

Soma 1 Samweli 1:24–28 na 2:18, 19. Je, Hana alipomwacha mtoto wake Shilo, kazi yake ya mzazi ilikuwa imekwisha?

Hana aliitimiza nadhiri yake, akamkabidhi Samweli kwa Eli. Angeweza kusema kwamba mtoto sasa yuko mikononi mwa kuhani, naye amemaliza. Lakini kila mwaka alipopanda na mumewe kutoa dhabihu, alimletea mwanawe kanzu ndogo aliyomtengenezea. Mtoto hukua, kanzu ya mwaka jana haimtoshi mwaka huu. Ili kutengeneza inayomfaa, mama huyo alipaswa kumtazama na kukadiria amekua kiasi gani.

Januari 2016, serikali ya Tanzania iliondoa ada katika shule za umma hadi kidato cha nne. Kenya ilikuwa imefanya hivyo kwa shule za msingi mwaka 2003. Watoto wengi ambao wangebaki nyumbani walipata nafasi darasani. Lakini baraka hiyo ina mtego wake. Mzazi anaweza kudhani kwamba ada ikiondolewa, na wajibu umeondolewa. Mtoto sasa ni wa mwalimu. Hata hivyo, mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kujua kwa nini mtoto mmoja amekaa kimya tangu wiki iliyopita.

Wengine hujitetea: mama hakusoma, baba yuko shambani tangu alfajiri. Udhuru huo si wa kudharauliwa. Lakini asiyejua kusoma anaweza kumwambia mtoto amsomee kwa sauti, akasikia anapokwama. Anaweza kufungua daftari aone kama limesahihishwa. Anaweza kuhudhuria kikao cha wazazi, na kumpunguzia mtoto kazi za nyumbani ili asome kabla giza halijaingia.

Eli aliishi karibu na wanawe, aliujua uovu wao, wala hakuwazuia (1 Samweli 3:13). Hana aliishi mbali na mwanawe, lakini alijua kimo chake. Ukaribu haukumsaidia Eli, wala umbali haukumzuia Hana.

Kwa mjadala: Kazi ya kufundisha yaweza kukabidhiwa mwingine. Je, kumjua mtoto kwaweza kukabidhiwa pia? Na yule ambaye watoto wake wamekwisha kumaliza shule ana wajibu gani kwa mtoto wa jirani asiye na wa kumsikiliza akisoma?